Maisha ya Daktari Jepleting Mburu kati ya Familia za Wafungwa

Wachungaji wetu, wazee wa pande zote mbili, walimu wenzake Mama, majirani wa Njoro, na nyote mliofika kutoka Nakuru, Elburgon na Molo asubuhi hii ya baridi, mimi naitwa Wangare Mburu, kitinda mimba wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusimama mbele yenu na kueleza maisha ya mama yetu, Daktari Jepleting Mburu, nami naomba mnivumilie, kwa sababu maisha yenyewe hayakutulia mahali pamoja, na hata kuyaandika nimeyaandika nikikaa na kusimama, nikitoka nje na kurudi ndani.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Elburgon, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kipketer na marehemu nyanya yetu, Kogo Cheruto, katika nyumba ya mbao iliyokuwa ndani ya kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha kupasua mbao, ambako babu alisimamia msumeno mkubwa, na Mama alipenda kutuambia kwamba wao walijua ni Jumapili si kwa kengele ya kanisa bali kwa sababu msumeno ulinyamaza, na kwamba kimya hicho kilimfanya atoke kitandani akatembee, maana hakukizoea.

Alianza masomo mwaka 1973 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na kambi hiyo, akawa mtoto mwepesi wa hesabu na mzito wa kukaa kwenye dawati, na ni akiwa darasa la nne, mwaka 1976, ndipo babu alipokamatwa kwa kukata miti msituni bila kibali, akafungwa miaka mitatu katika gereza la Nakuru, lakini watoto hawakuambiwa hivyo, waliambiwa kwamba baba ameenda Turkana kujenga barabara. Mama aliamini habari ya Turkana hadi siku mwenzake wa darasa alipomwambia mbele ya watoto wengine kwamba baba yake yuko ndani, akakimbia njia nzima hadi nyumbani, akamkuta Kogo anamenya viazi, akamwuliza, "Mama, baba yuko wapi?" na Kogo hakuinua uso, akajibu, "Baba yako yuko Turkana," akaendelea kumenya, na Mama alisema aliona mamake akikimenya tena kiazi kilichokwisha kumenywa, akajua ukweli, akachukua kisu cha pili, akamenya naye, na tangu siku hiyo wawili hao walidanganyana hadi kifungo kilipoisha, kila mmoja akimlinda mwenzake.

Babu alirudi mwaka 1979, na furaha ya kurudi kwake haikudumu hata msimu mmoja wa mahindi, kwa sababu alikuwa akila haraka kama mtu atakayenyang'anywa sahani, alikaa kando ya mlango, aliomba ruhusa ya kutoka nje katika nyumba yake mwenyewe, na watoto hawakujua kama wamcheke au wamlilie, basi ikawa leo yuko Molo akitafuta kazi, kesho yuko Londiani, mwisho akawa anakuja nyumbani kama mgeni, akabeba mkate na sukari, akaondoka kabla chai haijapoa, hadi alipofariki mwaka 1988.

Mama alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka huohuo babu aliporudi, akapita vizuri, akajiunga na shule ya wasichana ya bweni huko Molo, akamaliza kidato cha nne mwaka 1983 na cha sita mwaka 1985, kisha mwaka 1987 akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea sosholojia, na wajomba walipouliza hiyo ni kazi gani, Kogo aliwajibu kwamba ni kusomea watu, na mmoja wao akasema, "Watu wanasomewa nini? Si wako tu hapo nje?" neno ambalo Mama alilirudia kwa wanafunzi wake kila mwaka, akicheka, lakini akiwaambia pia kwamba mjomba alisema kweli, watu wako hapo nje, nendeni.

Alihitimu mwaka 1990, akaajiriwa mwaka uliofuata kuwa afisa wa probesheni, msimamizi wa wenye vifungo vya nje, hapa Nakuru, na katika kazi hiyo ya kuzunguka vijijini ndipo alipokutana na baba yetu, Mwalimu Jamleck Mburu, ambaye wakati huo alifundisha baiolojia hapa Njoro, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 katika kanisa la Elburgon, sikukuu ya Jamhuri, na Baba anasema hata siku ya harusi bibi arusi alitoka kwenye meza kuu kwenda kuhakikisha kwamba wazee waliokaa nyuma ya hema wamepewa chakula, akachelewa kurudi, keki ikakatwa bwana arusi akiwa peke yake. Mungu aliwajalia watoto wawili, kaka yangu Muiruri, aliyezaliwa tarehe 7 Novemba 1993, na mimi, niliyezaliwa mwaka 1997, na tuliishi Njoro, isipokuwa kipindi kifupi mwaka 2009 tulipohamia Milimani, mtaa wa matajiri mjini Nakuru, kwenye nyumba nzuri yenye miti mirefu, ambako Mama alivumilia muhula mmoja tu, akasema majirani wa pale wanasalimiana kwa honi za magari, akaturudisha huku kwenye ngano na matope yetu.

Mama alirudi chuoni kwa shahada ya pili, akawa mhadhiri hapa Njoro mwaka 1999, akapata shahada ya uzamifu mwaka 2007, na kazi iliyompa jina, ile iliyowaleta wengi wenu hapa leo, aliianza mwaka 2003, nayo ilikuwa kuzifuata familia zenye mtu gerezani, katika Nakuru, Njoro, Elburgon, Rongai na Molo, si mara moja na kwisha, bali kuzirudia mwaka baada ya mwaka, kujua mke analalaje, watoto wanaambiwa nini, nani anarekebisha paa, mama mkwe bado anaongea na mkaza mwana au ameacha, na siku mfungwa akitoka, nyumba inampokeaje. Wenzake walimtaka takwimu, na takwimu alikuwa nazo, lakini swali alilolipenda kuliko yote, ambalo aliwafundisha wasaidizi wake waulize mwisho kabisa na kisha wanyamaze, lilikuwa moja, "Nani anakaa kwenye kiti chake?" na alisema kuna nyumba ambako kiti cha mfungwa kiliuzwa, nyumba ambako kila mtu alikiogopa, na nyumba moja huko Rongai ambako mtoto mdogo alipigwa kwa kukikalia.

Kwa sababu aliitwa Daktari, alipofika vijijini watu walimletea watoto wenye kikohozi, na kuna mzee wa Elburgon aliyekunja suruali akamwonyesha goti, Mama akaliangalia kwa heshima, akamwambia, "Mzee, hili si la darasa langu," kisha akamweka garini akampeleka kwa daktari wa kweli, na ndivyo alivyokuwa, akitoka nyumbani kwa saa mbili tunamwona jioni, mara amesaidia kuvuna viazi, mara ameshinda ofisi ya chifu kufuatilia karo ya mtoto wa mtu, na Baba akiuliza, "Hiyo nayo ni utafiti?" alikuwa akijibu, "Sijui, Mwalimu, lakini ningekaa vipi?" Alichokiona kwa miaka hiyo yote alikiandika na kukisema kila mahali alipopewa nafasi, kwamba katika familia alizozifuata, watoto walioambiwa ukweli walilia mapema na kupona mapema, na wale waliodanganywa walibaki wakisubiri, na kusubiri huko kukawa ugonjwa.

Ndugu zangu, nimefika mahali ambapo baadhi ya wapendwa wetu katika kamati ya mazishi walituomba tuparuke, wakasema tuseme tu kwamba Muiruri alikuwa masomoni, ili tusimwaibishe marehemu, na jana jioni nilipomwuliza kaka yangu, alikuwa akichimba mfereji wa maji ya mvua kando ya hema hili, akasimamisha jembe, akaniambia, "Soma, Wangare. Kwani kuna mtu hapa hajui? Soma tu, mimi nitakuwa nimekaa mbele," na amekaa mbele, kwa hivyo nasoma.

Tarehe 29 Novemba 2014, siku ya Jumamosi, Muiruri aligombana na rafiki yake tangu utoto, Weldon Kipngeno, hapa Njoro sokoni, kwa jambo la simu aliyoazima mmoja wao, jambo ambalo wangelicheka kesho yake, akamsukuma, Weldon akaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa mtaro wa saruji, na siku iliyofuata akafariki hospitalini, Muiruri akiwa tayari amejipeleka kituo cha polisi, na tarehe 16 Julai 2015 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka kumi na miwili kwa kosa la kuua bila kukusudia, katika gereza lilelile alilofungwa babu yake.

Na mama yetu, aliyekuwa amewaambia wake za watu kwa zaidi ya miaka kumi kwamba wasifiche, alificha, akaanza kusema kwamba Muiruri yuko Malaysia anasoma, akasema hivyo chuoni, akasema hivyo kanisani, akasema hivyo hata kwa dada zake, na Njoro ni mahali padogo, watu waliojua kila kitu walimwitikia kwa heshima, "Eh, Malaysia, ni mbali," nasi nyumbani tukaitikia pia, na katika miaka hiyo Mama hakulala, alifua nguo zilizokwisha kufuliwa, alihamisha samani, alisafiri Kisumu, Eldoret na Nairobi kwenye mikutano ambayo hakuwa na haja nayo, akihutubia juu ya familia za wafungwa kwa sauti iliyokauka, na kila Jumamosi aliyoweza alijifunga kitambaa usoni kama mwenye jino bovu, akaenda gerezani kumwona mwanawe.

Siku moja ya Jumamosi, mwezi wa Oktoba 2016, nikiwa nimeandamana naye, tulikuwa tumekaa kwenye benchi ya wageni pale langoni, na jirani yetu kwenye benchi akageuka, akawa ni Mama Abby, mke wa mfungwa kutoka Molo, ambaye Mama alikuwa amemtembelea tangu mwanzo wa utafiti, akafurahi kweli, akasema, "Daktari! Leo pia uko kazi?" na Mama akajibu, "Ndiyo, kazi kidogo," na kabla hajamaliza neno, afisa akatokea na kuita kwa sauti kubwa, "Wa Muiruri Mburu! Mama wa Muiruri Mburu yuko?" Mama hakusimama, afisa akaita tena, mimi nikamshika mkono, na ndipo akasimama mbele ya Mama Abby, akiwa na sabuni na dawa ya meno ndani ya mfuko wa nailoni, akafungua kile kitambaa usoni, na Mama Abby akamtazama, akaokota koti la mama yetu lililokuwa limeanguka chini, akalipangusa, akasema, "Enda, Daktari, watafunga dirisha. Mimi nitakuwekea nafasi hapa, ukitoka tutaongea." Walipoongea, waliongea hadi lango lilipofungwa, na huyo Mama Abby yuko hapa leo, amekuja kutoka Molo.

Januari 2017 Mama alisimama mbele ya wanafunzi wake, siku ya kwanza ya muhula, akawaambia, "Mtoto wangu hayuko Malaysia," kisha akaandika kwa idara akiomba familia yetu iingizwe katika utafiti kama familia nyingine yoyote, na kwa kuwa yeye hangeweza kujihoji, alikuja mwenzake, Daktari Kipsang, akakaa sebuleni kwetu na maswali yale ambayo Mama aliyaandika kwa mkono wake, akatuuliza kuhusu usingizi, chakula, maombi, na alipofika la mwisho, "Nani anakaa kwenye kiti chake?" Baba aliinuka, akatoka nje, akasimama katikati ya mahindi, na Daktari Kipsang, kama alivyofundishwa, alinyamaza, ni Mama ndiye hakuweza kunyamaza, akamfuata mumewe shambani, na walirudi wote wawili wakiwa na matope hadi magotini, na usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu hukumu, Mama alilala hadi asubuhi.

Lakini utulivu huo haukuwa wake kwa muda mrefu, kwa sababu mwaka uliofuata, Mama akizungumza juu ya kazi yake katika ukumbi wa kanisa letu, alisimama mwanamke aliyekuwa nyuma kabisa, naye alikuwa Mama Chepkemei, mamake Weldon, akasema, "Daktari, wewe kila Jumamosi unabeba sabuni unaenda kumwona wako. Mimi nabeba nini, naenda wapi? Kwa hiyo utafiti yako mimi niko page gani?" na Mama, ambaye hakukosa jibu hata mbele ya maprofesa wa Ulaya, alisema tu, "Hauko, Mama. Sikukuweka," akashuka jukwaani, mkutano ukaishia hapo.

Tangu siku hiyo aliibadilisha kazi yake, akaanza kuzitafuta pia familia za waliouawa, jambo ambalo wafadhili waliona linachanganya mambo, na mmoja akajitoa, lakini yeye aliendelea, na mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wa Mama Chepkemei, ukafungwa, akabisha tena baada ya mavuno, ukafungwa, akaendelea hivyo hadi mwaka 2019 siku alipokuta stuli imewekwa nje, chini ya ukingo wa paa, akakaa, wakaambua mbaazi pamoja bila kuongea, na baada ya hapo stuli ilikuwa ikitolewa nje kila akifika, ingawa ndani hakuwahi kukaribishwa, naye hakuwahi kuomba aingie, na nilipomwuliza wanaongea nini huko, alisema, "Ananiambia Weldon alipenda nini, mimi nasikiliza, halafu narudi nyumbani nashindwa kukaa."

Muiruri alitoka tarehe 14 Julai 2023, baada ya kupunguziwa muda kwa mwenendo mwema, na Mama, aliyeandika sura nzima kuhusu siku ya kurudi nyumbani, hakujua afanye nini na mwanawe mwenyewe, kwa sababu Muiruri hakutaka milango ifungwe, alilala sakafuni, alikunja blanketi alfajiri na kusimama kando yake akisubiri, na nyumba ikamshinda, na Mama naye nyumba ilikuwa imemshinda zamani, basi ikawa kila alasiri wanaingia kwenye gari lake dogo la kijani, wanatoka bila kusema wanakoenda, wanapita Elburgon, Molo, hadi Mau Summit, wanarudi, siku za kwanza kimya, kisha maneno machache, kisha Muiruri akashika usukani, na siku moja walirudi wamebishana kwa sauti kuhusu njia ya mkato hadi jirani akatoka kuangalia, na Baba akaniambia jikoni, "Sikia, wanagombana kama watu wa kawaida," akafuta macho kwa taulo ya vyombo.

Februari mwaka huu Mama alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo, akayaita uchovu, akaendelea kuzunguka, hadi tarehe 20 Mei madaktari walipothibitisha kwamba ni saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeenea, akalazwa na kuruhusiwa, akalazwa tena, na hata akiwa na sindano mkononi aliwauliza wauguzi habari za watoto wao, akaomba viatu vyake, akamwagiza Daktari Kipsang asiache familia hata moja bila kuiaga, akisema mtu aliyekufungulia moyo wake haachwi hivihivi.

Mwisho wa mwezi wa Septemba, alasiri, nikiwa na Muiruri kando ya kitanda chake, mlango ulifunguliwa akaingia Mama Chepkemei, amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kilichofunikwa kwa kitambaa safi, ilikuwa mara ya kwanza yeye na Muiruri kuwa katika chumba kimoja tangu mahakamani, na kaka yangu aliinuka mara moja atoke, akiangalia sakafu, naye Mama Chepkemei akasema bila kumtazama, "Kaa. Sikuja kwa sababu yako." Muiruri akakaa. Mama Chepkemei akamimina mursik kidogo kwenye kikombe, akamnywesha Mama polepole, akampangusa midomo, kisha akavuta kiti akakaa upande wa pili wa kitanda, na sisi watatu pamoja na mgonjwa tulikaa hivyo hadi muda wa wageni ulipokwisha, hakuna aliyeomba msamaha na hakuna aliyeutoa, na Mama alikuwa akimtazama huyu, kisha yule, kisha huyu tena, na miguu yake, ambayo haikuwahi kutulia hata chini ya blanketi, ilikuwa imetulia.

Alituacha tarehe 3 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tisa, na amemwacha mumewe, Mwalimu Jamleck Mburu, watoto wawili, ndugu zake wanne, na familia nyingi ambazo hatuwezi kuzitaja kwa majina.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na waliomruhusu atembee kwenye varanda hata pale ilipokuwa lazima washikilie chupa ya maji ya dawa nyuma yake, tunawashukuru wahadhiri na wanafunzi wa idara yake, Daktari Kipsang aliyepokea kazi mikononi mwake, maafisa wa magereza waliotupokea kwa adabu miaka yote ile, majirani wa Njoro mliosema Malaysia ni mbali na mkatusubiri tuwe tayari, familia zote zilizomfungulia milango, na wewe, Mama Chepkemei, uliyefika leo ukakaa mahali ulipojichagulia, hatukuulizi neno, tunakushukuru kwa kuja.

Mama, barabara zote umezipita, na watu wako wote wamekuja kwako leo, hakuna tena nyumba ya kwenda kuangalia. Mwenyezi Mungu akupe mahali pa kukaa, na safari hii, Mama, ukae.